Kemia Huanza Agosti

Hotuba kwa vijana wanaotaka kusomea udaktari na wazazi wao, Dayton, Ohio

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu wa Fizi na Uvira, wa Bujumbura na Rumonge, wa Kigoma, wa Mombasa, hamjambo. Nawashukuru kina mama walioamka alfajiri kutupikia, na nawashukuru vijana mlioacha zamu zenu za Jumamosi mkaja hapa. Najua zamu ya Jumamosi inalipa vizuri.

Nimeombwa niseme jinsi ya kuingia chuo cha udaktari hapa Marekani. Mara nyingi jambo hili husemwa kwa maneno ya kutia moyo: soma kwa bidii, usikate tamaa, mwombe Mungu. Vijana walioketi hapa wanasoma kwa bidii tayari, na Mungu wanamwomba. Mimi nataka kuzungumzia kalenda. Somo gani lianze lini, mtihani wa kuingia chuo cha tiba, MCAT, ufanywe lini, fomu zitumwe mwezi gani. Kwa miaka sita nimekuwa nikikaa mezani na vijana wetu tukisoma transkripti zao, zile rekodi za masomo na alama za chuo, na waliokwama karibu wote hawakukwama kwa kukosa akili. Walifanya jambo lililo sawa katika mwezi usio wake, na mwezi huo mmoja ukawala mwaka mzima.

Nianze na wazazi, kwa sababu vijana wananiambia presha kubwa inatoka nyumbani, na presha hiyo ndiyo inayowafanya wakimbilie mtihani kabla hawajaiva.

Kule tulikotoka njia ilikuwa inaonekana. Tanzania, kijana anasoma PCB, yaani fizikia, kemia na biolojia, kidato cha tano na cha sita, anafanya mtihani wa taifa mwezi wa Mei, matokeo yakitoka Julai anaomba chuo, na akichaguliwa anaanza udaktari mwaka huohuo. Kongo, ukishapata diploma ya serikali unaandikishwa kitivo cha tiba. Hapa sivyo. Ukiacha programu chache sana zinazochukua watoto wa hai skuli, kijana anatakiwa kwanza asome chuo kikuu miaka minne, digrii ya fani yoyote, na ndani ya digrii hiyo apenyeze masomo ya sayansi yanayotakiwa na vyuo vya tiba. Kisha chuo cha tiba miaka minne. Kisha mafunzo ya hospitalini, miaka mitatu kwa daktari wa familia kama mimi, hadi saba kwa mpasuaji wa ubongo. Kwa hiyo baba, mwanao akiwa na miaka ishirini na bado anasoma fizikia, hajachelewa. Yuko pale anapotakiwa kuwa.

Masharti haya yana historia. Mwaka 1893 chuo cha tiba cha Johns Hopkins kilifunguliwa Baltimore kikitaka mwanafunzi aje na digrii mkononi, jambo ambalo wakati ule vyuo vingi vya Marekani havikulitaka. Mwaka 1910 mtafiti wa elimu Abraham Flexner akatoa ripoti yake baada ya kuzunguka vyuo vyote vya tiba vya Marekani na Kanada, na tangu hapo kemia, biolojia na fizikia zikawa mlango wa lazima. Ripoti hiyohiyo ilichangia kufungwa kwa vyuo vya tiba vya watu weusi. Vilikuwa saba, vikabaki viwili, Howard kule Washington na Meharry kule Nashville. Baadaye vikaongezeka Morehouse kule Atlanta na Charles R. Drew kule Los Angeles. Nawaambia majina haya ili muyaandike, maana kijana wetu akichagua vyuo vya kuomba mara nyingi havikumbuki. Mtihani wenyewe ulianza 1928, kwa kuwa wanafunzi walikuwa wanaingia vyuoni na kuishia njiani kwa wingi. Uliwekwa ili kupima kama mtu ameshajenga msingi. Neno hilo, msingi, naomba mlishike, kwa sababu mtihani huu hauko kama ile ya kukariri usiku wa kuamkia chumba cha mtihani.

Sasa tuje kwenye mnyororo.

Masomo ya lazima hutofautiana chuo kwa chuo, na siku hizi vipo vyuo vilivyolegeza orodha yao, lakini vingi bado vinataka mwaka mmoja wa biolojia pamoja na maabara, mwaka mmoja wa kemia ya jumla na maabara, mwaka mmoja wa kemia ya kaboni na maabara, mwaka mmoja wa fizikia na maabara, muhula mmoja wa biokemia, tena Kiingereza, takwimu, saikolojia na sosiolojia. Ukiyatazama kama orodha utadhani unaweza kuanza na lolote. Huwezi. Biolojia na fizikia zina nafasi ya kusogezwa huku na huku. Kemia haisogei. Kemia ya jumla ya kwanza ndiyo inayofungua ya pili, ya pili inafungua kemia ya kaboni ya kwanza, hiyo inafungua ya pili yake, na ya pili ndiyo inayofungua biokemia. Mihula mitano iliyofungwa kamba moja, mmoja baada ya mwingine. Na kwenye vyuo vingi, hasa vile vidogo, sehemu ya kwanza hufundishwa muhula wa Agosti tu, na ya pili muhula wa Januari tu.

Mnakumbuka MV Liemba ilipokuwa ikisafiri Ziwa Tanganyika? Ilipita kila baada ya wiki mbili. Ukifika bandarini Kigoma imeshang'oa nanga, hukuwa na la kufanya, unarudi na mzigo wako kungoja. Kemia ni meli ya namna hiyo, ila hii ukiikosa Agosti unangoja hadi Agosti nyingine.

Mimi niliikosa. Nilikuja hapa kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu nikiwa na miaka kumi na saba. Nikaanza chuo cha jamii, kile cha miaka miwili, wakanipima hisabati, nikawekwa madarasa mawili chini ya lile linalotakiwa kwa kemia. Mwaka mzima nikasoma hisabati na Kiingereza, na ule mwaka siuhesabu kuwa hasara. Agosti nikaanza kemia ya jumla ya kwanza, nikapata A. Januari nikaanza ya pili. Februari baba akaugua, nikaongeza zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee nilikokuwa nafanya kazi, na mwezi wa Machi nikaliacha lile somo. Nilidhani nitalichukua tena Agosti. Agosti nikaenda kujiandikisha, nikaambiwa halipo hadi Januari. Ndiyo kusema kemia ya kaboni ningeianza Agosti ya mwaka unaofuata. Somo moja, muhula mmoja, mwaka mzima umekwenda. Hakuna aliyeniambia, nami sikujua kwamba kuna jambo la kuuliza.

Lakini kuna kitu kimoja nilikifanya vizuri bila kujua, nacho nataka mkijue kwa kujua. Niliacha somo kabla ya tarehe ya mwisho ya kujitoa. Kwenye transkripti ikaandikwa W, yaani aliondoka, na W haiingii kwenye hesabu ya GPA, ule wastani wa alama zako zote. Ningeng'ang'ania hadi mwisho huku nasinzia darasani, ningepata D au F, na F haifutiki. Wapo vijana wanaoamini kwamba ukirudia somo, alama ya zamani inatoweka. Chuoni kwako pengine inatoweka. Kwenye AMCAS, ule mfumo wa pamoja ambao vyuo vingi vya tiba hupokelea maombi, alama zote mbili zinahesabiwa, na kila somo ulilowahi kulisoma katika chuo chochote cha hapa lazima liorodheshwe, hata lile ulilosoma ukiwa hai skuli. Mfumo wa vyuo vya osteopathia, vile vinavyofunza madaktari wa DO badala ya MD, zamani ulikuwa unakubali alama mpya ichukue nafasi ya ile ya zamani, lakini uliacha mwaka 2017. Kwa hiyo siku muhula unapoanza, andika tarehe ya mwisho ya kujitoa kwenye simu yako. Ikikaribia, jipime kwa ukweli. Kujitoa somo moja mara moja kwa sababu ya msiba au ugonjwa kunaelezeka. F tatu ni kazi kubwa kuzieleza.

Sasa MCAT.

Kwa wasioujua: ni mtihani wa kompyuta wenye sehemu nne na maswali 230. Unaingia saa mbili asubuhi, na ukijumlisha mapumziko unatoka baada ya saa saba na nusu hivi. Sehemu moja ni kemia na fizikia za mwili, ya pili ni kusoma kwa makini, ya tatu ni biolojia na biokemia, ya nne ni saikolojia na sosiolojia. Kila sehemu hutolewa alama kati ya 118 na 132, kwa hiyo jumla ya chini kabisa ni 472 na ya juu kabisa 528. Wanaoingia vyuo vya MD, wastani wao uko karibu 511 au 512. Kila mwaka wanaomba zaidi ya watu 50,000, na wanaoanza masomo ni kama 23,000.

Mtihani hufanyika Januari, kisha kuanzia Machi hadi Septemba. Matokeo huchukua karibu mwezi mmoja. Na hapa ndipo penye jambo ambalo kama mtalisahau jingine lolote nililolisema, hili lisiwatoke. Vyuo vya tiba havikulazimishi uwe umemaliza masomo yote ya lazima siku unayotuma maombi. Vingi vinataka uwe umeyamaliza kabla ya siku ya kuanza chuo. Kwenye fomu kuna mahali pa kuandika masomo unayoendelea nayo na yale utakayoyasoma. Basi kijana anasoma hilo, anafurahi, anasema, "Kumbe naweza kuomba sasa!" Anaweza, ndiyo. Lakini mtihani haujui ahadi. Mtihani utamwuliza biokemia mwezi wa Aprili, na yeye biokemia yake iko Agosti. Ruhusa ya chuo na utayari wako ni vitu viwili. Kwa maoni yangu yapo masomo unayoweza kuyaacha nyuma ya mtihani: takwimu, Kiingereza cha pili, na baadhi ya maabara. Biokemia usiiache. Nayo sehemu ya pili ya fizikia, ukiweza, iwe imekwisha.

Mimi nilifanya mtihani huku niko katikati ya kemia ya kaboni ya pili, biokemia sijaigusa. Mshauri mmoja wa masomo aliniambia niende tu nikaone unavyofanana. Alikuwa mtu mwema, alikuwa ananionea huruma kwa miaka iliyopotea. Nilipata 493. Na ushauri ule ndio ninaoupinga kila mahali ninaposimama: usiende kuujaribu mtihani huu. Ukitaka kuujaribu, ipo mitihani kamili ya mazoezi iliyotolewa na AAMC, jumuiya ya vyuo vya tiba, inayofanana na ule wenyewe. Kaa nayo maktaba siku nzima, saa ileile, bila simu. Ule wa kweli una idadi: mara tatu kwa mwaka, mara nne kwa miaka miwili mfululizo, mara saba maisha yako yote. Ukijiandikisha usitokee, inahesabiwa. Ukifuta matokeo siku hiyohiyo, inahesabiwa. Na vyuo vinaona matokeo yako yote, si yale mazuri tu. Mwaka uliofuata nilipata 510, lakini kwenye kila usaili niliulizwa habari za 493.

Kuna na hatari ya upande wa pili, ya kuwahi kupita kiasi. Matokeo yanaoza. Vyuo vingi havipokei yaliyozidi miaka mitatu, na vipo visivyokubali yaliyozidi miaka miwili. Kijana anayetaka kufanya kazi miaka minne kabla ya kuomba asifanye mtihani leo.

Ile sehemu ya kusoma kwa makini ndiyo inayotuumiza sisi. Vifungu tisa, maswali 53, dakika 90, na vifungu vyenyewe ni vya falsafa, sanaa, historia, mambo ambayo jibu lake limo ndani ya maneno yaleyale. Hakuna notisi za kukariri. Mtu ambaye Kiingereza ni lugha yake ya tatu au ya nne, baada ya Kibembe, Kiswahili na Kifaransa, haongezwi hata dakika moja kwa sababu hiyo. Sayansi nilijifunza kwa miezi mitano. Kusoma kwa kasi huku naelewa hakukuja kwa miezi mitano. Kulikuja kwa sababu mama mmoja mzee niliyekuwa namtunza usiku alitaka nimsomee magazeti na majarida yake, makala ndefu za siasa na sanaa, na nilimsomea miaka miwili. Kwa hiyo hili wadogo zangu mnaweza kulianza leo, hata aliye hai skuli, nusu saa kila siku, maandishi magumu ya Kiingereza yasiyohusu sayansi. Hili halingojei Agosti.

Sasa shikeni kalamu tuhesabu. Tutahesabu kutoka mwisho kuja mwanzo, kwa sababu ukihesabu kutoka mwanzo kila kitu kinaonekana kina nafasi.

Tuseme kuna binti anayeanza chuo kikuu Agosti 2026, hisabati yake iko sawa, anataka kuingia chuo cha tiba bila mwaka wa katikati. Ataanza chuo cha tiba Agosti 2030. Usaili wake utakuwa kati ya mwisho wa kiangazi 2029 na miezi ya mwanzo ya 2030. Fomu za pili, zile za insha ambazo kila chuo humtumia mwombaji, zitamjia Julai 2029. Kwa hiyo fomu kuu ya AMCAS ataituma mwisho wa Mei au mwanzo wa Juni 2029. Mfumo hufunguliwa kujazwa mapema Mei, hivyo ana wiki kadhaa za kujaza kwa utulivu. Matokeo ya MCAT anatakiwa awe nayo kabla hajaamua vyuo gani aombe, basi mtihani ni Machi au Aprili 2029. Maandalizi ya mtihani yaanze Desemba au Januari. Biokemia ni muhula wa Agosti 2028. Kemia ya kaboni ya pili ni Januari 2028, ya kwanza Agosti 2027. Kemia ya jumla ya pili Januari 2027. Na ya kwanza?

Agosti 2026. Wiki yake ya kwanza chuoni.

Mmeona? Haina hata muhula mmoja wa kupumua. Na bado hatujaweka fizikia mihula miwili, ambayo itabidi ikae mwaka wa pili au wa tatu sambamba na kemia ya kaboni, na saikolojia. Binti huyu akiugua, au mama yake akijifungua na nyumba ikamtegemea, au akiwekwa darasa la hisabati la chini, mpango unahama mwaka. Si kwamba umevunjika. Umehama mwaka. Wanaojua hilo mapema hutulia na kuusogeza mtihani. Wasiojua huusogeza mnyororo: wanachukua kemia ya kaboni kiangazi, mwaka mzima wa somo kwa wiki nane au kumi, huku wanafanya kazi saa arobaini. Nimeona wawili waliofaulu kwa njia hiyo, na nimeona wengi waliopata C na kuibeba. Fizikia ya kiangazi naikubali. Kemia ya kaboni ya kiangazi siikubali kwa mtu mwenye kazi.

Na ninasema Juni kwa sababu. Ukifungua tovuti za vyuo utaona tarehe ya mwisho imeandikwa Oktoba, Novemba, pengine Desemba. Sisi tumezoea tarehe ya mwisho kuwa ndiyo tarehe. Kule nyumbani ukipeleka fomu siku ya mwisho saa tisa, imefika sawa na ya aliyepeleka mwezi uliopita. Hapa vyuo vingi husoma maombi kadiri yanavyofika. Wanaanza kusoma kiangazi, wanaita watu kwenye usaili, na kuanzia tarehe 15 Oktoba vyuo vya MD vinaanza kutoa nafasi. Anayekamilisha maombi Novemba anagombania viti vilivyobaki. Halafu kumbuka kwamba baada ya kutuma, AMCAS wenyewe huhakiki transkripti zako somo kwa somo, na wakati wa msongamano kazi hiyo inaweza kuchukua wiki sita. Mtu aliyetuma Juni mwanzoni amehakikiwa kabla foleni haijawa ndefu.

Kama matokeo yako yatachelewa kidogo, tuseme umefanya mtihani mwishoni mwa Mei, ipo njia halali: tuma fomu mapema ukichagua chuo kimoja tu. Uhakiki hausubiri MCAT. Matokeo yakitoka, ndipo unaongeza vyuo vingine, na wewe umeshatoka kwenye foleni. Njia hiyo nimewaonyesha wengi. Lakini mtihani wa Agosti au Septemba kwa maombi ya mwaka huohuo, mimi nasema acha. Ngoja Juni nyingine.

Hapo ndipo wazazi wanaponikasirikia, na leo nataka tulimalize. Kungoja. Mtoto kamaliza digrii, kavaa joho, picha zimetumwa hadi Baraka kule Fizi, na mwaka unaofuata yuko nyumbani anafanya kazi hospitalini kwa saa. Jirani anauliza. Mama zangu, wastani wa umri wa kuanza chuo cha tiba hapa ni miaka 24. Wengi wanaoanza hawakutoka chuo kikuu moja kwa moja. Mwaka wa katikati ndio unaompa nafasi ya kufanya mtihani mara moja tu akiwa amemaliza biokemia yote, bila masomo mengine kichwani. Na ile kazi ya kuwageuza wazee kitandani, kuwaosha, kuwapima presha, ambayo vijana wengi wa nchi hii wanaitafuta ili waandike kwenye fomu, watoto wetu wanaifanya tayari kwa sababu ya kodi ya nyumba. Inahesabiwa. Iandikwe, na saa zake zote.

Niseme na kaka zangu mliokuja na digrii kutoka Dar, Bujumbura, Lubumbashi. Hili linauma, lakini afadhali mlisikie kwangu kuliko baada ya kulipa ada. AMCAS haihakiki transkripti za nje, isipokuwa chuo cha hapa kimezipokea kama krediti zake. Vyuo vingi vya tiba vinataka masomo ya lazima yasomwe Marekani au Kanada, na vingine vinataka krediti zisizopungua 90 za hapa. Kwa hiyo mwenye digrii ya biolojia ya nyumbani mara nyingi atarudi kwenye mnyororo uleule wa kemia. Ulizeni kila chuo kwa maandishi kabla hamjajiandikisha somo lolote. Aliyekwisha kuwa daktari nyumbani asiingie kwenye njia hii kabisa. Njia yake ni ECFMG, shirika linalothibitisha madaktari waliosomea nje, na mitihani ya leseni ya USMLE, nayo ina mazungumzo yake. Na mwanafunzi aliye kwa viza atazame kwanza chuo kinapokea watu wa hali yake, kwa sababu vingi havipokei.

Fedha nazo zina kalenda yake. Mtihani ni zaidi ya dola 300. Maombi ni zaidi ya dola mia moja na sabini kwa chuo cha kwanza na zaidi ya arobaini kwa kila kinachofuata, na watu huomba vyuo kumi na tano au ishirini. AAMC wana mpango wa nafuu ya ada kwa wenye kipato kidogo, na haukuwekwa kwa raia peke yao: wenye grinikadi, wakimbizi na waliopewa hifadhi wanaruhusiwa pia. Unapunguza ada ya mtihani, unalipia maombi ya vyuo hadi 20, unatoa nyenzo za mazoezi na ufunguo wa MSAR, ile orodha rasmi ya masharti ya kila chuo. Lakini hauangalii nyuma. Ukijiandikisha mtihani leo, ukaomba nafuu kesho, fedha ulizokwisha kulipa hazirudi. Omba nafuu kwanza, subiri jibu, ndipo ujiandikishe. Msaada wenyewe hudumu hadi tarehe 31 Desemba ya mwaka unaofuata, basi uombe wakati ambao utafunika mtihani na maombi pamoja. Kuna kijana wetu alilipa zaidi ya dola elfu moja za mkopo kwa kuwa alipata habari hii wiki mbili baadaye. Sitaki awepo mwingine katika ukumbi huu.

Wiki iliyopita nilikuwa zamu. Akaletwa bibi wa miaka sabini na kitu, kifua kinambana, na mkalimani wa simu anakatika kila baada ya sentensi mbili. Nikaingia nikasema, "Shikamoo bibi, unaumwa wapi?" Akaanza kulia kabla ya kujibu. Halafu akanieleza kila kitu, tangu dawa za presha alizokuwa anagawana na dada yake hadi usiku ule kifua kilipoanza. Dawa za kugawana asingemwambia mtu kwa simu. Hospitali ile ina madaktari wengi sana, na siku hiyo mwenye Kiswahili nilikuwa peke yangu. Ile miaka yangu miwili iliyopotea nilikuwa naiwaza nikimshika mkono. Bibi kama yule wapo kila wiki.

Baada ya chakula nitakaa kwenye ile meza ya karibu na dirisha. Nina karatasi zenye miezi imeandikwa tayari, kutoka sasa hadi Agosti 2032. Leteni transkripti zenu, hata zenye F, hata za chuo ulichosoma muhula mmoja ukaondoka. Tutaanza na mwezi unaotaka kuanza chuo cha tiba, turudi nyuma. Aliye hai skuli aje na mzazi wake. Na anayeanza Agosti hii ambaye bado hajajua amewekwa darasa gani la hisabati, huyo aje wa kwanza.